Sahani Iliyogeuzwa

Kifuniko ndicho kilichoniponza. Kilinidondoka, kikabingirika mpaka upande wa pili wa meza, nami nikazunguka kukiokota huku nikikilaani, maana magoti yangu ya miaka hamsini na tatu hayapendi kutumwa asubuhi. Nilipoinuka, sahani niliyokuwa nimeiandaa ilikuwa mbele yangu, na herufi A ilikuwa imesimama wima, inasomeka vizuri kabisa. Kutoka upande ule haikupaswa kusomeka. Ilipaswa kuwa kichwa chini.

Sahani zetu si za kulia. Ni za plastiki angavu, zinaenea kiganjani, na zina vishimo tisini na sita vya kutilia matone ya damu. Kila mstari una herufi yake pembeni, ndogo kama sisimizi. Pembe moja imekatwa kidogo ili mtu asipotee. Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiipapasa pembe hiyo kwa dole gumba la kushoto: ikiwa juu kushoto, basi, najaza. Herufi sisomi. Nani husoma namba ya mlango wa nyumba yake mwenyewe? Lakini boksi lile lilikuwa jipya, na kiwanda, bila kumuuliza mtu, kilikuwa kimehamishia pembe iliyokatwa chini kulia. Nikifuata dole gumba langu, nilikuwa nazijaza kichwa chini miguu juu.

Nikatazama ubavuni mwa boksi. Tarehe ya kulifungua ilikuwa pale, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Siku moja kabla ya kuwapima watoto arobaini wa Daktari.

Nikaketi.

Daktari alikuja hapa akiwa binti wa miaka ishirini, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, anashika pipeti utadhani itamuuma. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyonya tone na kuliachia bila povu. Leo ana shahada ya tatu. Mbele za watu namwita Daktari. Tukiwa wawili namwita mwanangu, naye huniita Mama, ingawa hatuna udugu wowote. Siku ile, saa tisa alasiri, alikuwa anaingia mbele ya jopo kuomba ukuu wa kitengo. Tangu jengo hili lisimame, ofisi ile haijawahi kukaliwa na mwanamke. Waombaji walikuwa wawili, yeye na Mtanashati.

Mtanashati tulimpa jina hilo sisi mafundi, kwa kuwa ni mtafiti pekee tunayemjua anayepiga pasi mpaka kamba za viatu. Daktari alipokwenda likizo ya uzazi, Mtanashati alihamia kwenye meza yake, eti anaitunza, na aliporudi ilichukua wiki tatu kumng'oa. Si mtu mbaya. Amezoea tu kufunguliwa milango, akadhani yote hujifungua yenyewe.

Sasa utafiti wenyewe. Wajawazito walichanjwa, wengine mimba ikiwa na miezi mitano, wengine minane. Tulitaka kujua ni watoto wa kundi gani watabaki na kinga wakitimiza miezi sita. Tuliwapima wote kwenye sahani moja: wa mwezi wa tano kushoto, wa mwezi wa nane kulia. Jibu likasema mwezi wa nane. Profesa, ambaye ndiye mwenyekiti wa jopo, nusura avunje kiti kwa kushangilia, maana hilo ndilo analolihubiri miaka kumi sasa. Kwa hiyo, kama sahani ile ilitoka kwenye boksi jipya, kushoto kwangu kulikuwa kulia kwa mashine, na jibu lote lilikuwa kinyume.

Utauliza, kosa kama hilo halina kinga? Linayo. Kila sahani huwekwa vishimo vya ulinganisho, ambavyo jibu lake linajulikana kabla, ili sahani ikigeuzwa vikutwe mahali pasipo pake. Sisi tunaviweka kwenye pembe zote nne. Ni mtindo wa Profesa tangu ujana wake. Anasema unapendeza machoni. Unapendeza kweli. Geuza sahani utakavyo, pembe nne zitabaki pembe nne, na hakuna atakayejua.

Na mimi sikuwa na hakika. Boksi la zamani lilikuwa limebakiwa na sahani moja au mbili siku ile. Huenda nilitumia ya zamani. Sahani yenyewe ilikwishachomwa pamoja na taka. Vidole vyangu ndivyo vilivyojua, na vidole havisemi.

Nitasema ukweli: jambo la kwanza lililonijia ni kunyamaza. Nilijiambia, ngoja apate kiti kwanza, kesho utamwambia. Nilikuwa na sababu zangu. Nikiwa na miaka thelathini na moja nilipata nafasi ya kwenda kusoma, mkubwa wangu wa wakati ule akanitazama tumbo akasema mjamzito hashiki kemikali, uzae kwanza urudi. Nikazaa, nikarudi. Nafasi ilikuwa imekwenda kwa kijana niliyemfundisha kazi. Sikutaka binti huyu naye apokonywe mlangoni, tena kwa mkono wangu. Nilikaa na glavu mikononi, nikihesabu saa zilizobaki mpaka saa tisa, na nusu yangu ikaomba zikimbie.

Kilichoninyanyua kitini ni kitu kidogo. Niliwaza mwongozo utakavyoandikwa: mjamzito asubiri mwezi wa nane. Kuna mama atakwenda kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, ameacha kazi zake, amepanga foleni, aambiwe rudi baadaye, kwa sababu ya dole gumba langu. Mficha uchi hazai. Nikaenda kugonga mlango wa Daktari.

Alikuwa anasema peke yake mbele ya kompyuta, anajifunza hotuba. Amevaa blauzi ya samawati aliyoinunua kwa ajili ya siku ile.

"Mama, njoo usikilize mwanzo huu," akasema.

"Mwanangu, simama kwanza. Au kaa. Sijui."

Nikamwambia yote, boksi, pembe, tarehe. Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliifunga kompyuta taratibu sana, na hapo nikaogopa zaidi kuliko kama angepiga kelele.

"Una hakika?"

"Sina. Inawezekana ni ya boksi la zamani."

"Inawezekana kiasi gani?"

"Sijui, mwanangu. Nusu kwa nusu."

"Kwa nini leo?" Sauti ikapanda. "Siku kumi na tatu tangu tupime, Mama! Kwa nini usione jana? Kwa nini usione keshokutwa? Si ungeninyamazia mpaka kesho?"

"Niliwaza kunyamaza."

"Sasa kwa nini hukunyamaza!"

Alikwenda dirishani, akaegemea kioo kwa paji la uso. Nilitaka kumshika bega nikaona sina haki hiyo. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu.

"Tunaweza kuzigeuza namba kwenye kompyuta tu," nikasema, kijinga.

"Nizigeuze kwa ushahidi gani? Eti fundi wangu hakumbuki?" Akavuta pumzi. "Kipimo kinachukua saa ngapi tukienda bila kula?"

"Tano. Tano na robo."

"Damu imebaki?"

"Ya mara moja tu. Watoto wale hatuwezi kuwatoboa tena."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na nusu. Akavua saa yake ya mkononi, akapandisha mikono ya blauzi mpya.

"Basi tusikosee," akasema.

Nilitoa vichupa arobaini kwenye friji la barafu kali, nikavipanga viyeyuke. Tukaichukua sahani, safari hii tukasoma herufi, yeye kwa sauti, mimi kwa kidole, kama watoto wa darasa la kwanza. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Alijaribu mara mbili, tone la pili likaning'inia kwenye ncha ya pipeti, likataka kuangukia kishimo cha jirani.

"Nipe," nikamwambia.

Akanipa. Wakati mwingine nafikiri ile ndiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kufanyiwa katika jengo lile: kukabidhiwa tena kazi ileile na mtu niliyemharibia. Yeye akawa ananisomea, "Mtoto wa kwanza, kushoto, mwezi wa tano," nami natia. Tulikwenda hivyo kwa dakika arobaini. Mtanashati alichungulia akaulizia sahani zake.

"Hazipo," nikamjibu bila kuinua kichwa.

"Hazipo vipi? Si ulikuwa uniandalie za saa tatu?"

"Zako za saa tatu zitakuwa za kesho. Funga mlango, unaleta vumbi."

Akafunga. Kwa kawaida ningecheka.

Saa sita ilipokaribia, sahani ilikuwa kwenye sanduku lake la joto, nasi tumeketi tukiitazama saa ya mezani. Ikilia, sahani inatakiwa kuoshwa mara moja. Ukichelewa, rangi inashika kila mahali na kipimo kimekufa. Dakika tatu kabla haijalia, Profesa akaingia.

"Mbona vichupa vya watoto viko nje?" akauliza.

"Tunarudia kipimo, Profesa," Daktari akasema.

"Leo? Si una usaili saa tisa?"

"Kuna shaka juu ya sahani. Huenda iligeuzwa wakati wa kujazwa."

Profesa akanitupia jicho, kisha akatabasamu, tabasamu la kumbembeleza mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Binti yangu, shaka haziishi. Ukisikiliza kila shaka hutachapisha hata ukurasa mmoja. Matokeo yako ni mazuri na yanakubaliana na tunayoyajua. Yawasilishe. Ukishakalia kiti, rudia hata mara kumi."

"Na yakibadilika?"

"Utayabadilisha ukiwa mkuu. Nani atakuuliza?" Akateremsha sauti. "Wajumbe nimekwishawaandaa. Nimewaambia una kitu kikubwa. Usije ukaniaibisha na habari za sahani. Watasema ndiyo haya, mnampa mwanamke kitengo, kumbe hata herufi hawasomi."

Alitoka. Mlango ulikuwa haujatulia, saa ya mezani ikalia.

Daktari hakuinuka. Chupa ya kuoshea ilikuwa mbele yake. Alikuwa anaitazama sahani kupitia kioo cha sanduku la joto.

"Umemsikia, Mama. Kiti kile yeye ndiye anayekigawa."

"Nimemsikia."

"Nikiacha iharibike, hakuna tena damu ya kurudia. Tutabaki na jibu la kwanza. Na hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Najua utajua!" akanifokea. "Kwani nakuuliza wewe?"

Saa iliendelea kulia. Ningeweza kuinuka nikaiosha mwenyewe, mikono yangu ilikuwa inawasha. Nilijizuia. Mambo mengine humsaidii mtu kwa kumfanyia. Nilihesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu, nikasema moyoni kwamba kama ataiacha sitamlaumu, na papo hapo nikajua ninajidanganya, nitamlaumu mpaka kaburini. Ya nne hakuimaliza. Alisukuma kiti kwa nguvu kikaanguka, akafungua sanduku, akachukua chupa, akaanza kuosha.

Hatua ya mwisho ni ya rangi. Unatia dawa kila kishimo, unangoja. Penye kinga panageuka njano. Pasipo kinga panabaki maji matupu. Kulia kukigeuka njano, jibu la kwanza lilikuwa sawa, na Daktari anaingia kwa jopo akitembea juu ya zulia. Kushoto kukigeuka, hotuba yote ni ya kutupa, na nusu saa tu imebaki. Tuliinamia sahani vichwa vikigusana. Niliomba kulia. Sioni haya kusema, niliomba kwa Mungu kulia, na mama wale wa kliniki nikawasahau kabisa.

Pembe zikaanza, zote nne, kama kawaida yao. Kisha kishimo kimoja cha kushoto. Kisha wenzake watatu. Dakika kumi baadaye upande wa kushoto ulikuwa njano tupu, na wa kulia una madoadoa hapa na pale.

"Mwezi wa tano," Daktari akasema.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe kesho. Leo sina nafasi." Akaipeleka sahani kwenye mashine, namba zikatoka, akazisoma mara mbili, akaketi kwenye kompyuta kuufuta mchoro wake mzuri na kuchora mwingine. Saa tisa kasoro dakika mbili alisimama. Mkono wa blauzi ulikuwa na doa la njano. Nilijaribu kulifuta kwa maji likazidi kutanuka, akaniambia liache.

Sehemu ya kwanza ya usaili ni ya wazi, wafanyakazi huruhusiwa kukaa nyuma. Nilikaa mstari wa mwisho, karibu na mlango. Mbele kulikuwa na wajumbe watano, Profesa katikati, na mwanamke mmoja tu, mtaalamu wa takwimu kutoka nje, mwenye miwani aliyoifunga kamba shingoni.

Daktari hakuzunguka. Alisema jibu lililosambazwa kwao wiki iliyopita si sahihi, akaeleza sahani ilivyogeuzwa, akaonyesha mchoro wa mchana ule. Profesa alikuwa anatazama meza.

"Nani alikosea?" mjumbe mmoja akauliza.

"Kipimo ni changu. Nilikisaini mimi," Daktari akasema.

"Sikuuliza nani alisaini. Nani aliijaza sahani?"

Daktari akaanza kupanga upya karatasi zake. Niliona kwamba atakataa kunitaja, na kwamba wataandika ameficha. Mwaka ule ulikuwa zamu yangu kupandishwa kuwa fundi mkuu. Nilikuwa nimeungoja miaka sita. Nikapiga moyo konde, nikasimama.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Na nikishasimama nimalizie. Sahani ile isingenidanganya kama vishimo vya ulinganisho visingekuwa pembe zote nne. Ikigeuzwa inafanana na isiyogeuzwa. Tunafanya hivyo miaka yote kwa sababu inapendeza."

"Mama Friji, kaa chini," Profesa akasema. Ndilo jina langu pale, kwa ajili ya funguo za friji ninazotunza.

Nikakaa. Yule mwanamke wa takwimu alikuwa amevaa miwani yake.

"Daktari," akasema, "ukipewa kitengo hiki, asubuhi ya kwanza utafanya nini?"

"Nitaacha pembe moja tupu," Daktari akajibu.

Walimpa. Tulisikia siku ya tatu, watatu kwa wawili, na nadhani kila mtu alijua wawili ni nani. Nilipiga vigelegele katikati ya maabara mpaka Mtanashati akaja mbio akidhani kuna moto. Alipoambiwa, alimpa Daktari mkono, akasema anastahili, na nilipomtazama niliona anamaanisha. Nikajisikia vibaya kidogo kuhusu zile kamba za viatu.

Jumatatu Mkuu mpya akaniita ofisini. Alikuwa amesimama nyuma ya meza, hajakaa. Mezani kulikuwa na karatasi moja.

"Profesa ameileta asubuhi," akasema. "Ameshaiandika yote. Inangoja saini yangu tu."

Nikaisoma. Ilikuwa karipio kwa maandishi, kwa jina langu, kwa uzembe katika kujaza sahani. Kanuni zipo hivyo, na mwenye karipio kwenye faili hapandishwi cheo mwaka ule.

"Siwezi, Mama. Ungenyamaza hakuna ambaye angejua. Nikuadhibu kwa sababu umesema?"

Nilimwelewa Profesa vizuri sana. Mwanangu akisaini, ananiumiza. Akikataa, kabla ya mchana jengo zima litakuwa linasema mwanamke amepewa kitengo akakigeuza sebule ya mama yake. Hasira zikanipanda, na zilimwangukia yeye, kwa kuwa ndiye niliyempenda.

"Nilijaza kichwa chini au sikujaza?"

"Mama..."

"Jibu!"

"Ulijaza."

"Basi saini. Sikukaa miaka yote hii nikikufundisha mkono usitetemeke ili leo utetemeke mbele ya karatasi. Wanakungoja ushindwe. Usishindwe kwa ajili yangu, nitakuchukia."

Alichukua kalamu. Kisha akaketi kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza. Kabla ya kusaini aliandika chini ya maneno ya Profesa, polepole, kwa mkono wake: kosa hili liligunduliwa na kuripotiwa na mhusika mwenyewe, siku ambayo lilimgharimu zaidi. Akasaini, jina lote, na chini yake akaandika cheo.

Akanisogezea, machozi yanamtoka, mkono umetulia. Nikasoma jina la mwanamke juu ya cheo kile, kwenye karipio langu mwenyewe. Nikatia saini mahali pa mpokeaji, nikajaribu kusema "Asante, Mkuu" kama wafanyakazi wengine wanavyosema, nikaishia kulia kwa kwikwi mbele ya bosi wangu.